Chungu chepesi ndicho chenye kiu: kumwagilia bogenvilia na wenzake barazani

Mteja akinirudia kitaluni na picha ya bogenvilia iliyopukutika majani, swali lake huwa lile lile: “Dada, niimwagilie mara ngapi kwa wiki?” Kabla sijamjibu namuuliza ya kwangu. Chungu ni cha nini, cha udongo, cha plastiki au cha saruji? Kina tundu? Kinakaa upande gani wa nyumba? Na hapo nyumbani nani mwingine anashika jagi?

Hilo la mwisho huwachekesha, lakini mara nyingi ndipo ugonjwa ulipo. Baba anamwagilia alfajiri kabla hajatoka. Dada wa kazi anamwagilia saa nne akimaliza kudeki. Mama anarudi jioni, anakuta majani yameinama kidogo kwa joto, anaona huruma, naye anamimina. Kila mmoja angeapa kwamba mmea unamwagiliwa mara moja tu kwa siku. Kwa hiyo kabla ya yote chagueni mtu mmoja. Wengine wapige picha.

Ratiba siitoi, na muuzaji anayekuambia “asubuhi na jioni, kila siku” bila kukuuliza lolote anataka urudi kununua mwingine. Mwezi wa pili hapa Dar, jua kali na kaskazi inavuma, chungu kidogo cha udongo kwenye baraza linalotazama magharibi kinaweza kukauka ndani ya siku moja. Chungu hicho hicho mwezi wa saba, wakati wa kipupwe, kinaweza kukaa siku nne na ndani bado kubichi. Ukiuhamishia mmea kwenye ndoo ya plastiki hesabu inabadilika tena, kwa sababu chungu cha udongo kinapitisha maji ubavuni, wakati plastiki inayaachia kwa juu na kwa tundu la chini peke yake. Usiulize kalenda. Uliza chungu.

Namna ya kukiuliza ni kukinyanyua. Siku utakayomwagilia vizuri, subiri maji yaache kuchuruzika, kisha shika chungu kwa mikono miwili ukiinue kidogo tu kutoka chini. Huo uzito uweke kichwani. Kesho inua tena, keshokutwa tena. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, na chungu cha lita 10 hupoteza kama lita 2 kabla mmea haujaanza kulalamika, kwa hiyo tofauti hiyo mkono unaihisi wazi. Baada ya wiki mbili tatu hutahitaji tena kufikiri. Utapita barazani, utakisukuma chungu kwa mguu, utajua.

Vyungu vya saruji havinyanyuliki, na hapa mjini ndivyo vingi. Hivyo vipime kwa kidole. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili, karibu sentimita 5, upande wa ukingoni ili usijeruhi mizizi minene ya katikati. Usidanganywe na uso wa udongo: jua letu linakausha juu kwa saa chache tu, chini kukiwa tope. Kama chungu ni kirefu, chukua kijiti kikavu cha mshikaki, kichomeke mpaka karibu na kitako, kiache dakika 10, kisha kichomoe. Kikitoka kimekolea rangi na udongo umeng’ang’ania, rudi ndani ukanywe chai. Kikitoka kikavu, kina vumbi tu, leta maji.

Na ukileta maji, leta maji kweli. Kinachoua mimea mingi ya vyunguni ni kile kikombe kimoja cha huruma kila siku. Kikombe kinalowesha sehemu ya juu tu, mizizi inabaki huko huko juu ambako jua linaiunguza, chini kunakuwa kukavu kama hakujawahi kufika maji, na chumvi zote zilizomo ndani ya maji zinarundikana zisipate pa kutokea. Mimina taratibu kuzunguka ukingo mzima wa chungu, usiishie kwenye shina, mpaka maji yatuame juu. Yaache yazame. Baada ya dakika 5 mimina tena, na safari hii usiache mpaka yatoke kwa tundu la chini. Kwa chungu cha lita 10 unaweza kutumia kama lita 2; kwa ndoo ya rangi ya lita 20, mara mbili ya hapo. Halafu acha. Usiguse jagi tena mpaka chungu kiwe chepesi.

Hapo kuna kosa letu sisi wauzaji. Tunajaza udongo mpaka mdomoni ili mmea uonekane umenona, mteja anafika nao nyumbani, akimimina maji yanatelezea kwenye vigae. Punguza udongo wa juu, uache nafasi ya vidole viwili kati yake na ukingo, yaani sentimita 3 au 4. Pasipo na nafasi hiyo maji hayana mahali pa kusubiri zamu yao ya kuzama.

Wakati mzuri ni asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, mmea ubaki na maji ya kupambana na mchana. Jioni inafaa pia kama una hakika ya kumwagilia udongo peke yake bila kulowesha majani, maana majani yanayolala na maji huita ukungu. Kuhusu ile imani kwamba matone ya maji mchana yanaunguza majani, hiyo isikunyime usingizi. Kinachounguza ni maji yaliyokuwa ndani ya mpira uliolala juani tangu asubuhi. Fungulia, yaache yamwagike pembeni mpaka yapoe mkononi, ndipo uelekeze chunguni. Na ukikuta mmea umekauka saa nane mchana, udongo mkavu hadi chini, usiseme utangoja jioni. Usogeze kivulini na uupe maji papo hapo.

Sasa tundu. Chungu kisicho na tundu ni pambo la kuwekea chungu kingine ndani yake, usipande humo. Vile vya saruji mara nyingi fundi huacha tundu moja dogo, tena rangi au saruji iliyobaki hulifunga. Kilaze chungu, chungulia, lipanue kwa msumari mnene na nyundo, polepole. Kama ni kipya, kijaze maji na kuyamwaga siku kadhaa mfululizo kabla ya kupanda, maana saruji mbichi hutoa chokaa isiyopatana na mizizi. Halafu kikalishe juu ya vipande vya matofali au vigae, sentimita 2 hivi kutoka sakafuni, tundu lipate hewa. Bogenvilia iliyowekwa moja kwa moja kwenye ardhi ya uani ni ya kuchekesha: mizizi inatoka kwa tundu, inazama ardhini, na mmea unastawi ajabu bila wewe kumwagilia sana. Siku unayohamisha chungu ili upake rangi ukuta, mizizi inakatika na mti mzima unanyauka kabla ya jua kuzama.

Kokoto chini ya chungu ni jambo ninalobishana nalo kila wiki. Watu wanaamini zinasaidia maji kushuka. Fanya jaribio jikoni: chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe, ilaze juu ya kiganja mpaka iache kudondosha, kisha isimamishe wima. Itadondosha tena, lakini ncha ya chini itabaki imejaa maji. Udongo wa chunguni ni hivyo hivyo. Sehemu ya mwisho kabisa chini hubaki imeloa hata kama tundu ni kubwa. Ukiweka kokoto hujaiondoa sehemu hiyo, umeipandisha tu juu, karibu zaidi na mizizi, kwa sababu maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka udongo wenyewe ushibe. Weka kipande cha chandarua kilichochakaa juu ya tundu kuzuia udongo usitoke, basi. Ukitaka maji yashuke vizuri, changanya mchanga mnene wa mtoni, pumba za mpunga na samadi iliyooza ndani ya udongo wenyewe.

Kuna siku utamwagilia, maji yatatoka chini mara moja, utafurahi, na kesho mmea utakuwa hoi. Hiyo ni dalili kwamba udongo ulikauka kupita kiasi ukajikunja, ukaachana na kuta za chungu, na maji yamepita ubavuni bila kugusa katikati. Udongo wenye mboji nyingi ndio bingwa wa hilo. Ukikauka kabisa unayakataa maji. Dawa yake ni beseni. Kikalishe chungu ndani ya beseni la maji yanayofika nusu ya kimo chake, utaona vipovu vinapanda juu ya udongo kimoja kimoja. Subiri vipovu viishe na uso wa udongo ulowane wenyewe, nusu saa hivi, kisha kitoe kichuruzike. Kwa chungu cha saruji kisichobebeka, toboa udongo kwa kijiti sehemu kadhaa na umimine kidogo kidogo kwa raundi nne au tano. Lakini kama maji yanapita mbio kila mara, na mizizi inachungulia kwa tundu la chini, chungu kimejaa mizizi. Hapo shida si maji tena, ni nafasi. Hamishia kikubwa zaidi kidogo, na bogenvilia iguse kwa upole maana mizizi yake ni myepesi kukatika.

Kunyauka ndiko kunakowapoteza wengi, kwa kuwa mmea wenye kiu na mmea uliozama kwenye maji hunyauka kwa sura moja. Mizizi ikioza haiwezi kunyonya, kwa hiyo majani yanakauka huku udongo una maji tele. Mwenye nyumba anaona majani yameinama, anaongeza maji, anaumalizia. Kabla ya jagi, gusa udongo. Mkavu na chungu chepesi: kiu, mwagilia, na ndani ya saa chache majani yatasimama. Umeloa na chungu kizito: acha kabisa. Angalia pia majani yenyewe. Ya kiu huwa makavu, yanakunjika kama karatasi kuanzia ukingoni. Ya mizizi iliyooza hugeuka manjano kuanzia ya chini, yanakuwa laini, yanadondoka ukigusa, na udongo unatoa harufu ya mtaro. Kuna hali ya tatu isiyo ugonjwa: saa saba mchana majani yanalegea kwa joto, na saa kumi na mbili jioni yako sawa bila mtu kufanya chochote. Hiyo iache.

Ukishuku kuoza, utoe mmea chunguni uone. Mizizi mizima ni migumu, rangi yake nyeupe au ya maziwa. Iliyooza ni ya kahawia iliyoiva, inateleza, na ukivuta kwa vidole ganda linachomoka, kinabaki kiuzi chembamba cha ndani. Kata yote iliyooza kwa mkasi safi, punguza na matawi ya juu ili mizizi iliyobaki isibebe mzigo mkubwa, panda kwenye udongo mpya ulio na unyevu kiasi, uweke kivulini. Ikiwa zaidi ya nusu imeoza sikudanganyi, wengi wao hawarudi. Kata vijiti vizima vya juu ujaribu kuvichipusha.

Sasa nirudi kwa bogenvilia, kwa sababu ndiyo inayonunuliwa zaidi na ndiyo inayonyweshwa ovyo zaidi. Yale ya waridi na zambarau tunayoyaita maua ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe kama kijibomba katikati yake. Bogenvilia ikipewa maji kila siku inarefusha matawi na kutoa majani ya kijani tu, na mteja ananilaumu kwamba nimemuuzia dume. Hakuna dume. Ina raha mno. Iache ikae juani saa sita kwa siku, halafu ngoja mpaka udongo ukauke karibu wote na majani ya ncha yapoteze mng’ao, yalegee kidogo. Yaangalie asubuhi na mapema, maana mchana yote hulegea. Siku hiyo inyweshe mpaka maji yatoke chini, kisha ngoja tena. Baada ya wiki kadhaa za namna hii utaona ncha za matawi zimeacha kurefuka na vikonyo vidogo vya rangi vinajitokeza. Ikishachanua usiiadhibu tena. Ikikaukiwa hapo inamwaga rangi yote sakafuni kwa siku mbili. Na huu mchezo wa kiu ni kwa mmea uliokwisha kushika chungu, sio ulioununua jana.

Asumini ni kinyume. Ukiufanyia asumini unyimi huo unakausha matumba kabla hayajafunguka, na hutapata hata ya kutunga kikuba kimoja. Udongo wake usikauke zaidi ya kifundo cha kwanza cha kidole. Haibiskasi vivyo hivyo, nayo hunywa sana kwa sababu majani yake ni mapana. Akina mama wanaolalamika kwamba vitumba vinadondoka kabla ya kuchanua, wengi wao waliruka siku moja ya jua kali. Mkrotoni unasema wenyewe, unalegeza majani yote kwa pamoja. Waridi la jangwa linaweka akiba kwenye shina lake nene: libonye kwa kidole gumba, likiwa gumu lina maji, likibonyea kidogo na udongo mkavu lipe. Wakati wa kipupwe likipukutisha majani, usilifuate na jagi, limepumzika. Ndiyo maana kuwapanga wote mstari mmoja na kuwapitia kwa jagi moja ni kumpendelea mmoja na kumuua jirani yake.

Maji ya aina gani? Nyumba nyingi hapa Dar zinatumia kisima, na visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Utaijua kwa ukoko mweupe kwenye ukingo wa chungu na ncha za majani zilizoungua kahawia. Bogenvilia na waridi la jangwa huvumilia. Gadenia haivumilii, na kama huna maji mengine usiinunue, hata kwangu. Ukilazimika kutumia ya kisima, kila unapomwagilia hakikisha yanatoka chini kwa wingi, na mara moja kwa mwezi pitisha maji ya bomba au ya mvua, kama mara mbili ya ujazo wa chungu, kuosha chumvi. Wanaokaa maghorofani Upanga na Kariakoo wana neema moja: maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana chumvi, yakinge kwa ndoo. Ila mashine ya nje ya kiyoyozi hicho hicho inapuliza hewa ya moto, na chungu kilichowekwa mbele yake kitakauka hata umwagilie mara tatu. Maji ya kuoshea mchele sawa, mara moja moja. Ya kufulia, hapana.

Kisahani cha chini kimwage nusu saa baada ya kumwagilia. Sababu ya kwanza ni mizizi, lakini ya pili ni nzito zaidi: mbu wa Aedes, anayeng’ata mchana na kueneza homa ya dengi, anapenda sana kutaga kwenye maji kama hayo, na kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki moja tu hadi siku 10. Dar tuliiona dengi 2014, tukaiona tena 2019. Mayai yake hugandia pembeni na kuvumilia ukavu, kwa hiyo usimwage tu, sugua kisahani kwa brashi kila wiki.

Masika nayo ina ujanja wake. Chungu kilicho chini ya ukingo wa bati kinapokea mvua ya paa zima, kisogeze. Kilicho ndani ya baraza hakipati hata tone, na wewe unakaa ukisikia mvua ukidhani umepumzika. Hata kilicho wazi, manyunyu ya dakika 20 yanaweza kuishia kwenye majani yakadondokea nje ya chungu. Baada ya mvua nyanyua kama kawaida.

Ukisafiri kwenda mkoani wiki nzima, asubuhi ya safari mwagilia vyungu vyote kwa raundi mbili, vikusanye pamoja kivulini mbali na upepo, na utandaze makumbi juu ya udongo unene wa vidole viwili. Bogenvilia kwenye chungu kikubwa itakungoja. Asumini na haibiskasi mpelekee jirani, na umwoneshe namna ya kunyanyua kabla hujampa jagi. Ukirudi usivirudishe juani siku hiyo hiyo, majani yaliyozoea kivuli huungua. Vipe jua la asubuhi tu kwa siku tatu nne kwanza.